Kipimajoto cha nyama choma: macho hayatoshi

Kuku wa kuchoma pale Masasi anaweza kuonekana kaiva huku salmonela bado wazima ndani. Rangi hudanganya. Kinachowaua ni joto: nyuzi 74 za Selsiasi, ukipima katikati ya mnofu bila kugusa mfupa.

Ukinunua kipimajoto cha kidijitali, angalia vikomo viwili. Sindano ya chuma huvumilia joto kubwa. Plastiki na betri, hapana. Choma, soma, chomoa. Usikiache juu ya mkaa.

Je, kinasema kweli? Kitumbukize kwenye maji yenye barafu tele: kisome 0. Kwa maji yanayochemka, kumbuka kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka nyuzi 1. Basi ukiwa Newala, juu uwandani, kikisoma 97 au 98 usikitupe. Hakijaharibika, ni mlima tu huo!