Je, Wajua? Sauti 45 kwenye Shingo Moja

Je, wajua kwamba gitaa la nyuzi 6 na freti 20 lina mahali 126 pa kutolea sauti, lakini sauti zinazotofautiana ni 45 tu? Piga hesabu: kila uzi una freti 20, ongeza uzi wenyewe ukiachwa wazi, zidisha kwa 6. Zinazobaki ni marudio. Litungu la Wakurya lina nyuzi 8 na halina shingo ya kubonyezea, kwa hiyo kila uzi una sauti yake na mambo yameisha. Mpiga gitaa shida yake ni kuchagua.

Je, wajua sauti ya uzi wa 1 ukiachwa wazi unaipata pia uzi wa 2 freti ya 5, uzi wa 3 freti ya 9, uzi wa 4 freti ya 14 na uzi wa 5 freti ya 19? Sauti ni ile ile, ladha si ile ile. Kwenye uzi mnene inakuja nzito, kwenye mwembamba inang'aa.

Je, wajua kwamba kijana aliyewahi kuimba kwaya kwa nota za sofa tayari anaijua nusu ya kazi? Zile herufi d, r, m, f, s, l, t zilienezwa na mchungaji Mwingereza, John Curwen, karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich. Siri ya herufi hizo ni moja: kutoka mi kwenda fa, na kutoka ti kwenda do, ni nusu sauti. Kwingine kote ni sauti nzima. Kwenye gitaa nusu sauti ni freti moja, sauti nzima ni freti mbili. Basi chukua uzi wowote na uuite do ukiwa wazi. Ngazi yote iko freti ya 2, 4, 5, 7, 9, 11 na 12. Iimbe huku ukiipiga. Wengi hukariri vidole bila kufungua mdomo, na hao ndio hupotea wakivuka freti ya 5.

Sasa ivushe ngazi hiyo kwenye nyuzi tatu, do ikiwa G. Uzi wa 6: freti ya 3 na 5. Uzi wa 5: ya 2, 3 na 5. Uzi wa 4: ya 2, 4 na 5. Hizo ni do hadi do, na mkono haujasogea. Mwalimu wa kwaya akibadili mawazo na kusema do ni A, sogeza kila kitu freti mbili mbele. Vidole havina habari kwamba kuna kilichobadilika.

Je, wajua kwa nini umbo hilo huharibika ukifika uzi wa 2? Unapotyuni, unabonyeza freti ya 5 kupata uzi unaofuata, isipokuwa uzi wa 3, ambao unabonyezwa freti ya 4. Pengo hilo moja lililopungua ndilo linalosukuma kila umbo freti moja mbele kuanzia hapo.

Je, wajua kwamba ukiondoa fa na ti unabaki na sauti 5 zisizo na nusu sauti hata moja? Ndiyo maana ngazi ya sauti tano humsamehe sana anayeanza.

Je, wajua baba yake Galileo alikuwa mpiga luti? Vincenzo Galilei alipendekeza mwaka 1581 kwamba kila freti ipunguze uzi kwa sehemu 1 ya 18. Alikaribia sana. Kwa uzi wa sentimita 65, freti yake ya 12 ingepotoka kwa milimita 2 hivi tu. Leo mafundi hugawa kwa 17.817, na freti ya 12 inaangukia katikati kabisa ya uzi. Kwa kipimo hicho freti ya kwanza ina upana wa sentimita 3.6, ya 12 sentimita 1.9. Mtoto mwenye vidole vifupi aanzie juu, kuanzia freti ya 5, si pale kichwani ambako vitabu vingi humpeleka.

Je, wajua kwamba mfalme wa muziki wa benga alizaliwa mkoani Mara? Daniel Owino Misiani alizaliwa Shirati mwaka 1940, akavuma akiwa Kenya na Shirati Jazz, akafariki mwaka 2006. Benga ilihamishia kwenye gitaa mdonoo wa ala ya nyatiti, yenye nyuzi 8 zinazogawanywa nne kwa mkono huu, nne kwa ule. Ukisikiliza solo ya benga, sauti zinadondoka moja moja. Ni ngazi ya sauti, ila inacheza.

Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na mkusanya nyimbo Hugh Tracey mwaka 1952, alidonoa kwa kidole gumba na cha shahada tu. Viwili vilitosha.

Huna metronomu? Mapigo ya omutibo, mtindo wa gitaa wa kina George Mukabi, magharibi mwa Kenya, yalishikiliwa na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa. Mtafute rafiki mwenye subira akukwaruzie.

Je, wajua zile sauti mbilimbili za sebene zinahitaji maumbo mawili pekee? Kwenye uzi wa 2 na wa 1, kidole cha uzi wa 1 hukaa freti moja nyuma kwa do, fa na so. Freti mbili nyuma kwa re, mi, la na ti. Wengi hujikwaa kutoka mi kwenda fa.

Na hili ni la watu wa kando ya ziwa: unyevu na jasho huziotesha nyuzi kutu, na uzi wenye kutu hautetemeki sawasawa. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 na uudonoe, kisha ubonyeze hapo hapo. Sauti zikitofautiana, sikio lako ni zima. Nunua nyuzi mpya kwanza, ndipo umtafute fundi.