Kuchagua Rangi ya Kingamwili kwa Ubongo wa Mbwa Kutoka Ufipa

Mbwa akiuma watu Laela au Namanyere, huko Ufipa kusini magharibi mwa Tanzania, kisha akafa, wanaoulizana ni wengi na swali ni moja: alikuwa na kichaa? Kumtazama mzoga hakutoshi. Lazima kichukuliwe kipande cha shina la ubongo na cha ubongo mdogo, kigandamizwe juu ya slaidi, kitumbukizwe kwenye asetoni baridi, kisha kidondoshewe kingamwili zilizofungwa rangi ing'aayo. Kingamwili zikivikuta virusi hunata. Zisipovikuta huoshwa zikaondoka. Mtaalamu akitazama kwa hadubini ya floresenti, virusi huonekana kama vumbi la kijani kibichi, vingine kama punje, vingine kama nukta tu. (Aliyeumwa asisubiri majibu hayo: aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na awahi chanjo.)

Kipimo hicho kilielezwa na Goldwasser na Kissling huko Marekani mwaka 1958, na mpaka leo ndicho kigezo ambacho vipimo vingine vya kichaa cha mbwa hulinganishwa nacho. Rangi yake ni fluoreseini. Tangu wakati huo zimetengenezwa rangi nyingi zenye kung'aa zaidi, na orodha za wauzaji huzipanga kwa ukali wa mwanga. Naona kuanzia hapo ni kuanzia pabaya. Cha kwanza kujua ni mwanga ambao sampuli yenyewe inautoa kabla haijatiwa chochote.

Albert Coons wa Harvard alilikuta jambo hili mapema. Mwaka 1941 yeye na wenzake walifunga kingamwili kwa rangi ya jamii ya antrasini, ikang'aa buluu. Tatizo ni kwamba tishu za mwili nazo hung'aa buluu zinapomulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, kwa hiyo alama ilipotelea ndani ya tishu. Mwaka uliofuata wakahamia fluoreseini, kwa sababu kijani chake kilijitenga na mng'ao huo. Wavuvi wa dagaa wa Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, wanaijua hali hii bila hadubini: mbalamwezi ikiwa kamili, taa zao haziwavuti dagaa kama usiku wa giza, ingawa taa ni zilezile. Katika ubongo, mbalamwezi hiyo ni lipofusini, mabaki ya rangi yanayojikusanya ndani ya seli za neva kadiri mnyama anavyozeeka. Lipofusini hung'aa kuanzia manjano hadi nyekundu. Ndiyo maana mbwa mzee husumbua kusomwa kuliko mtoto wa mbwa, na ndiyo maana kila slaidi ya mgonjwa inahitaji slaidi ya mbwa asiye na ugonjwa kando yake.

La pili ni taa. Fluoreseini hupokea mwanga vizuri zaidi kwenye nanomita 495 hivi, ikautoa kwenye 519. Taa ya zebaki, iliyo katika hadubini nyingi za zamani, ina vilele vikali kwenye 365, 405, 436, 546 na karibu 578. Hapo 495 hakuna kilele. Rodamini, inayopenda nanomita 550 hivi, hupata mwanga mwingi zaidi kutoka kwa taa hiyohiyo. Mtu angedhani basi rodamini ndiyo chaguo. Lakini katika kipimo cha kichaa cha mbwa maabara nyingi huongeza buluu ya Evans ili kuzima mng'ao wa tishu, na rangi hiyo yenyewe hung'aa nyekundu. Nyekundu imeshachukuliwa na mandhari. Kijani kinabaki huru. Taa za LED za buluu zimeongeza nguvu ya kijani, kwa kuwa zinaweza kutengenezwa zitoe mwanga karibu kabisa na kile fluoreseini inachokitaka, na hudumu maelfu ya saa wakati balbu ya zebaki huchoka baada ya mamia machache.

Rangi za mbali kwenye wekundu, kama Cy5, zina faida ya kweli: huko tishu hung'aa kidogo sana. Ila jicho la binadamu karibu halizioni, hivyo bila kamera hazina kazi. Fikoeritrini, inayotokana na mwani mwekundu, inang'aa kupita kiasi, lakini ni kubwa kuliko kingamwili yenyewe na hufifia haraka chini ya lenzi. Mahali pake ni mashine za kuhesabu seli, kama zile za CD4.

Fluoreseini ina kasoro mbili ambazo mtumiaji hawezi kuzikwepa: hufifia inapomulikwa, na hupoteza mwanga pakiwa na asidi. Alexa Fluor 488 hutumia vichujio vilevile, huvumilia mwanga kwa muda mrefu zaidi, na haibadiliki kati ya pH 4 na 10. Bei yake ni kubwa zaidi. Kabla ya kuinunua, ningependekeza maabara ikague kwanza gliseroli ya kufunikia slaidi: ikiwa na bafa ya pH 8.5 au zaidi kidogo, rangi ya zamani hurudisha sehemu kubwa ya nguvu zake.

Anayefunga rangi mwenyewe azingatie kiasi. Molekuli tatu hadi sita kwa kila kingamwili zinatosha. Zikizidi huzimana zenyewe kwa zenyewe, na kingamwili hushindwa kushika. Bafa ya Tris isitumike, kwa sababu hunyakua rangi kabla ya kingamwili.

Sasa turudi Ufipa, katika mji wa Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Ubongo uliooza njiani hauokolewi na rangi yoyote. Bakteria nao wanaweza kung'aa. Kwa hiyo sampuli za mbali huhifadhiwa kwenye gliseroli, ambayo hudhoofisha mng'ao isipooshwa vizuri. Mwaka 2006 Tiziana Lembo na wenzake walichapisha majaribio ya njia nyingine kwa sampuli za Tanzania zilizohifadhiwa hivyo: kingamwili zikabeba biotini badala ya rangi ing'aayo, kimeng'enya kikaacha doa jekundu la kahawia, na hadubini ya kawaida ikatosha. Majibu yalilingana vizuri na ya floresenti, na hupatikana kwa takriban saa moja.

Kwa hiyo maabara yenye hadubini ya floresenti inayotunzwa ibaki na kijani, fluoreseini au mrithi wake. Pasipo na hadubini hiyo, Ufipa isisubiri inunuliwe: kingamwili za biotini na hadubini ya kawaida ndizo chaguo sahihi leo.