Swali Moja Kuhusu Kufuli

Simu ya Android uliyo nayo mkononi inaendeshwa na kiini cha Linux. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachopanga zamu za programu kwenye prosesa na kuviamrisha vifaa vyote, kuanzia kioo hadi kamera. Programu ya kawaida ikikwama utaifunga na kuifungua upya. Kiini kikikwama, simu nzima imekwama. Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, leo ina mistari ya msimbo inayozidi milioni 30, na sehemu zake zina watunzaji wanaozijua kwa undani. Anayetaka kurekebisha jambo hutuma kiraka kwa barua pepe: mistari inayoondolewa ina alama ya kutoa mwanzoni, inayoongezwa ina alama ya kujumlisha. Hapo wahakiki huanza kuuliza maswali, na mimi naamini ufundi wa kuwajibu ni mgumu kuliko ule wa kuandika kiraka chenyewe.

Tuseme kiraka ni cha draiva ya kadi ya mtandao, na ndani yake kuna mstari unaoomba kumbukumbu kwa alama ya GFP_KERNEL. Mhakiki anauliza swali moja tu: mstari huu unapofikiwa, kuna kufuli lililoshikwa?

Swali hilo lina uzito. Kufuli huzizuia kazi nyingine kugusa data ileile kwa wakati mmoja. GFP_KERNEL inakiruhusu kiini, kumbukumbu ikiwa haba, kuilaza kazi inayoomba mpaka nafasi ipatikane. Lakini kuna kufuli liitwalo spinlock, ambalo prosesa inayolingoja hailali. Inazunguka papo hapo, inauliza tena na tena kama limeachiwa. Kazi iliyolishika ikilazwa, ni kama mtu aliyejifungia stoo na ufunguo akapitiwa na usingizi, huku wenzake wamesimama mlangoni wakigonga bila kwenda kufanya kazi nyingine. Mashine inaweza kuganda kabisa. Tena kosa la namna hii hujificha: kwenye kompyuta ya mwandishi yenye kumbukumbu tele kila jaribio linapita, kisha linajitokeza kwa mtumiaji siku ambayo mashine imeelemewa.

Mwandishi mwenye haraka atabadilisha alama iwe GFP_ATOMIC, ambayo hailazi kazi, na kutuma upya. Atakuwa ametii, lakini hajajibu. GFP_ATOMIC hunyimwa kumbukumbu kwa urahisi zaidi, na mara nyingi dawa ya kweli ni kuomba kumbukumbu kabla ya kushika kufuli. Mhakiki hakuagiza lolote kati ya hayo. Aliuliza tu, na kazi ya kufikiri akamwachia mwenye kiraka.

Na kama mwandishi alikuwa sahihi tangu mwanzo? Tuseme hakuna kufuli linaloshikwa pale. Miongozo ya Linux ina shauri ninalolipenda kuliko yote: swali la mhakiki lisipobadilisha msimbo, basi karibu daima liache maelezo, ama ndani ya msimbo ama kwenye maelezo ya kiraka. Kilichomtatiza msomaji hodari leo kitamtatiza mwingine baada ya miaka kumi, na huyo hatakuwa na wa kumuuliza.

Adabu nyingine zinafuata hapo. Jibu huandikwa chini ya sentensi inayojibiwa, na yasiyohusika hukatwa. Toleo jipya huandikwa v2, kisha v3, na mabadiliko yake huelezwa chini ya vistari vitatu, mahali ambapo maandishi hayaingii kwenye historia ya kudumu. Kupinga kunaruhusiwa, mradi kwa hoja za kiufundi. Kunyamazia swali ndilo kosa baya zaidi. Ukali wa wahakiki nao umewahi kuwafukuza watu wazuri. Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi hadharani kwa lugha yake, na ilikuwa haki aombe, kwa sababu tusi halimfundishi mtu chochote kuhusu kufuli.

Subira inayohitajika inaweza kuwa ya miaka. Mradi wa PREEMPT_RT, unaoiwezesha Linux kuitikia tukio ndani ya muda unaotabirika, kama mashine za viwandani zinavyohitaji, ulianza kuchukua sura mwaka 2004. Moja ya kazi zake ilikuwa kuzigeuza spinlock nyingi ziwe kufuli ambazo anayezingoja anaweza kulala, yaani kuigusa kanuni ileile anayoiulizia mhakiki wetu. Watunzaji hawakuupokea wote kwa mkupuo. Vipande vyake viliingia kimoja kimoja, vingine baada ya kuandikwa upya kabisa, na mvutano mkubwa wa mwisho ulihusu printk, njia ambayo kiini hutumia kuandika ujumbe wake. Septemba 2024 kipande cha mwisho kilikubaliwa, kikatoka katika toleo la 6.12, na wajenzi wa mashine zenye prosesa za kawaida wakaweza kuuwasha uwezo huo bila kubeba rundo la viraka vya pembeni.