Umbizo la Nakala za Akiba: Kuongeza Jipya bila Kuvunja la Zamani

Mwalimu wa lugha siku hizi anatunza mengi ndani ya kompyuta: mitihani, tasnifu za wanafunzi, hata sauti za mahojiano. Muhula uliopita tulipata somo chungu kuhusu utunzaji huo. Wanafunzi wetu walikuwa wamerekodi mazungumzo ya Kiswahili ya wakazi wa Kinyinya, hapa Kigali. Kompyuta yenye rekodi hizo iliharibika, nasi tukaifungua nakala ya akiba tukiwa na matumaini. Mahojiano kadhaa hayakuwemo. Programu ya zamani iliyotumika kuhifadhi ilikuwa imekutana na majina marefu ya faili, ikatoa onyo la mstari mmoja, ikaziruka faili hizo na kuendelea na kazi. Hakuna aliyelisoma onyo lile.

Katika makala haya tunapenda kueleza chanzo cha tatizo hilo, na namna wataalamu walivyolitatua bila kuzifanya nakala za zamani zisisomeke. Mfano wetu ni programu iitwayo tar.

Tar ilitoka Bell Labs, Marekani, mwaka 1979, katika toleo la 7 la mfumo wa Unix. Wakati huo nakala za akiba ziliwekwa kwenye tepu za sumaku, na jina tar limetokana na tepu hizo. Kazi yake ni kufunga faili nyingi ndani ya furushi moja. Kila faili hutanguliwa na rekodi ya baiti 512, mfano wa bahasha iliyoandikwa anwani. Katika rekodi hiyo kila taarifa ina nafasi yake maalumu: jina la faili baiti 100, ukubwa baiti 12, wakati wa kubadilishwa baiti 12, na kadhalika. Sehemu zote kwa pamoja zilichukua baiti 257. Baiti 255 zilizosalia zilikuwa tupu.

Umbizo hili lilikuwa rahisi, lakini lilibana. Jina lililozidi baiti 100 halikuwa na pa kuandikwa. Ukubwa wa faili uliandikwa kwa tarakimu 11 za msingi wa nane, kwa hiyo faili haikuweza kufikia gigabaiti 8. Je, kwa nini wasingetunga rekodi mpya kabisa? Kwa sababu programu zote zilizokwisha kusambaa zingeshindwa kuisoma. Ilibidi jipya liingie mahali ambapo la zamani halingeumia.

Hatua ya kwanza ilikuja na kanuni za POSIX za mwaka 1988, katika umbizo liitwalo ustar. Watungaji walizitumia zile baiti 255 tupu. Mwanzoni mwake waliandika neno "ustar" liwe alama, na mwishoni wakatenga baiti 155 kwa sehemu ya mbele ya jina refu. Programu mpya ikiiona alama huunganisha vipande viwili vya jina. Programu ya zamani haitazami huko; hufungua faili kama kawaida, ingawa huyakosa majina ya folda za mbele. Hata hivyo, nafasi tupu ni kama akiba ya ghala: ikitumika imekwisha.

Hatua ya pili, umbizo liitwalo pax, ilikubaliwa mwaka 2001. Tangu mwanzo rekodi ilikuwa na baiti moja ya kuonyesha aina yake. Pax iliongeza aina mpya yenye herufi x. Rekodi ya aina hii hutangulia rekodi ya kawaida, na nyuma yake huja mistari ya maandishi kama huu:

23 path=mazungumzo.wav

Namba 23 ni urefu wa mstari mzima, pamoja na namba yenyewe, nafasi na alama ya mwisho wa mstari. Neno "path" linataja taarifa inayotolewa, yaani jina la faili na njia yake. Kinachofuata ni jina lenyewe, ambalo sasa laweza kuzidi baiti 100. Urefu huo ndio siri ya umbizo. Programu isiyolijua neno fulani hupima urefu, huruka mstari, na kuendelea na unaofuata.

Je, programu ya zamani isiyoijua herufi x? Hiyo huichukulia rekodi hiyo kuwa faili ya kawaida, ikaacha kando kifaili kidogo cha maandishi. Mtu akikifungua hulisoma jina kamili kwa macho yake. Mpaka upo, hata hivyo: faili iliyopita kipimo cha gigabaiti 8 programu ya zamani haitaisoma sawasawa.

Walimu wa Kiswahili hawatashangaa. Neno la Kiarabu kitabu lilipoingia lugha yetu halikuhitaji sarufi mpya. Liliingia ngeli ya KI-VI, tukapata vitabu. Muundo wa zamani ulipokea jipya kwa sababu ulikuwa na mlango.

Tunawashauri wasomaji wetu mambo matatu. Kwanza, tumieni pax: lugha ya Python huitumia bila kuagizwa tangu toleo la 3.8 la mwaka 2019, lakini baadhi ya programu za tar husubiri agizo. Pili, someni kila onyo. Tatu, fungueni nakala kwenye kompyuta nyingine, mhesabu faili, kabla ya kuiamini.

Wanafunzi wetu walirudi Kinyinya kurekodi upya. Walipokelewa vizuri, lakini mazungumzo ya mara ya pili si yale ya kwanza.