Mwanga, Kitambaa na Uso: Somo la Mpiga Picha wa Mavazi Kabalagala

Barabara itokayo Nsambya kwenda Ggaba hupita Kabalagala, mtaa ulio katika eneo la Makindye, jijini Kampala. Wengi huujua mtaa huu kwa muziki wa usiku, nyama choma na vishindo vya pikipiki. Lakini asubuhi, wakati wenye maduka ya nguo wanapofungua milango na mafundi cherehani wanapoketi barazani, mtaa huo huo ni shule nzuri kwa mtu apendaye kujifunza kupiga picha za mitindo ya mavazi.

Zamani kazi hii ilihitaji mtaji, kwani kila picha iligharimu filamu, dawa na karatasi. Mwaka 1975, mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak huko Marekani aliunda kamera ya kwanza ya dijitali. Ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 3.6, nayo ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja isiyo na rangi katika kanda ya kaseti. Leo mwanafunzi aweza kupiga picha mia moja, akafuta tisini na tisa, asipoteze hata kipande cha filamu. Faida kubwa ya kamera hii ni kwamba humwonyesha mtu kosa lake papo hapo.

Kosa la kwanza huwa usoni. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakipambanui mtu na ukuta; hutaka kila kilicho mbele yake kiwe na wastani wa kijivu. Mtu mweusi akisimamishwa mbele ya ukuta mweupe, kamera hupunguza mwanga kwa sababu ya ukuta, na uso hutoka kama kiza. Jambo hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutazama kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na nyuso zetu hazikufikiriwa.

Dawa yake si kununua kamera ghali. Mwanafunzi amwondoe mtu ukutani, amweke katika kivuli cha baraza akiwa ameelekea upande utokao mwanga, kisha aongeze mwanga kwa alama ya kujumlisha iliyomo kwenye kamera. Karatasi kubwa nyeupe ikishikwa chini ya kifua hurudisha mwanga usoni. Jua la saa sita liepukwe, kwa maana hutupa vivuli vyeusi chini ya macho. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi na moja jioni, mwanga ni mpole.

Baada ya uso huja kitambaa. Gomesi, ambalo husimuliwa kuwa lilishonwa kwanza mwaka 1905 na fundi Mgoa, Caetano Gomes, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, mara nyingi hushonwa kwa kitambaa king'aacho. Juani huwaka na rangi yake hupotea, kivulini hutulia. Vazi la gome la mutuba ni kinyume chake. Ufundi wa kulitengeneza, ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005, huonekana tu mwanga unapotoka ubavuni, ukafichua alama za nyundo ya mgongaji.

Lakini vazi halijivai lenyewe. Avaaye ni mfanyakazi, naye astahili kuulizwa, kulipwa walichokubaliana, na kuambiwa picha itakwenda wapi. Elizabeth wa Tooro, aliyekuwa amesomea sheria, alionyesha mavazi jijini London mwaka 1967, na mwaka 1974 akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uganda. Aamito Lagum wa Uganda alishinda shindano la wanamitindo wa Afrika nzima katika televisheni mwaka 2014. Basi asidhani mtu kwamba asimamaye mbele ya kamera hana heshima.

Hapa ndipo somo hili linapotugusa sisi wenye sare. Tarehe 11 Julai 2010, watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia walilipuliwa kwa mabomu katika mkahawa wa Kiethiopia hapa Kabalagala na katika uwanja wa Kyadondo, wakafa zaidi ya 70. Askari hawezi kusahau, wala asilaumiwe kwa kumtazama mtu mwenye mkoba na kamera. Mwanafunzi hana budi kumwarifu mwenyekiti wa mtaa, na kutoelekeza lenzi yake kwenye kituo cha polisi, kizuizi cha barabarani au ubalozi.

Askari naye aulize kwa adabu: jina, kazi, na ruhusa ya mwenye duka. Aombe kuonyeshwa picha. Akiona gomesi na fundi na cherehani yake, amwache mtu aendelee. Kunyang'anya kamera ya kijana asiye na kosa ni kumnyang'anya jembe lake, na kesho kijana huyo hatakuja kituoni kutoa habari aliyoiona.

Na askari aliye likizoni, mwenye kamera ndogo, ajaribu mwenyewe. Amwombe dada yake avae gomesi, wakae kivulini asubuhi, apige picha ishirini, kisha aulize ni ipi inayofanana naye kweli.