Kuingia Dunia za Uhalisia Pepe Bila Kununua Miwani

Wakaazi wengi, hasa vijana, wamesikia habari za dunia za uhalisia pepe ambamo watu hukutana, huzungumza na kucheza pamoja wakiwa nchi tofauti. Wengi wao wamekata kauli kwamba mambo hayo si yao kwa kuwa hawana ile miwani kubwa inayofungwa usoni. Mojawapo ya miwani za bei nafuu, Meta Quest 3S, ilipoingia sokoni Oktoba 2024 iliuzwa kwa takriban dola 300. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi 38,000, kabla ya gharama za usafirishaji na ushuru. Kuna familia ambazo zingelipa karo ya muhula kwa fedha hizo na zibaki na chenji.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba nyingi ya dunia hizi hazihitaji miwani hiyo. Zinafunguka kwenye kompyuta ya kawaida, na baadhi kwenye simu. Miwani huongeza hisia ya kuwa ndani, lakini mlango uko wazi hata kwa asiye nayo.

Anayeingia hupewa umbo la kumwakilisha, liitwalo avata, ambalo laweza kuwa la mtu, mnyama au hata roboti. Avata hutembea, husogelea wengine na kuzungumza nao kwa sauti ya mwenyewe kupitia maikrofoni. Sauti husikika kwa nguvu zaidi kadiri watu wanavyokaribiana na hufifia wanapoachana, kama ilivyo sokoni au uwanjani. Wazo hili si geni. Second Life, iliyoanzishwa na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, ilifunguliwa mwaka wa 2003, miaka mingi kabla ya miwani za kisasa kupatikana madukani, na tangu hapo watu huitembelea kwa kibodi na puku.

Dunia inayotajwa sana siku hizi ni VRChat, iliyofunguliwa kwa umma Februari 2017. Akaunti yake ni bure. Upo uanachama wa kulipia, lakini si lazima, na anayeanza hana haja nao. Kwenye kompyuta, mtumiaji hutembea kwa vibonye W, A, S na D, hugeuza macho kwa puku, na hufungua au kufunga maikrofoni kwa kibonye V. Kwenye simu ya Android, kidole gumba cha kushoto hutembeza avata na cha kulia hugeuza mtazamo. Ni vyema kutumia spika za masikioni, hata zile za bei ya chini zinazouzwa barabarani, kwa sababu bila hizo sauti inayotoka kwenye simu huingia tena kwenye maikrofoni na kuwakera wote waliomo.

Si kila simu itakayofaa. Simu yenye kumbukumbu ndogo huganda au hukataa kabisa kufungua programu. Si kila sehemu ya VRChat inayofunguka kwenye simu, bali zile tu ambazo waliozijenga walizitayarishia toleo la Android. Kompyuta nyingi za saiba nazo hazina uwezo mkubwa wa picha, na kwa kuwa programu lazima iwekwe kwanza ndani ya mashine, mteja hana budi kumwomba mwenye saiba ruhusa.

Gharama halisi kwa mkaazi wa kawaida ni bando, na hapa ndipo wengi hushtuka. Kila sehemu mpya ambayo mtu anaingia hupakuliwa kwanza. Kwa watumiaji wa simu, VRChat imeweka kikomo cha megabaiti 100 kwa kila sehemu na megabaiti 10 kwa kila avata. Kwa hesabu ya haraka, anayezuru sehemu 10 kubwa anaweza kumaliza gigabaiti nzima kabla ya kuhesabu avata za watu aliowakuta humo. Akirudi mahali alipokwisha kufika, kwa kawaida hapakuliwi tena, isipokuwa pawe pamebadilishwa au simu iwe imefuta kumbukumbu zake. Kwa hivyo ni busara kufanya ziara ya kwanza mahali penye Wi-Fi ya bure au ya bei nafuu, na kuanza na sehemu moja au mbili badala ya kurukaruka.

Suala lingine ni umbali. VRChat huendesha mikutano yake kupitia maeneo manne: magharibi ya Marekani, mashariki ya Marekani, Ulaya na Japani. Mtumiaji huruhusiwa kuchagua eneo anapofungua chumba. Kwa aliye Kenya, Ulaya ndiyo chaguo bora, kwa kuwa mawasiliano yetu mengi hupita kwenye nyaya za baharini zinazotua Mombasa na kuelekea kaskazini kupitia Bahari ya Shamu. Anayechagua Japani au magharibi ya Marekani atajikuta anajibu swali ambalo wenzake wamekwisha kulisahau.

Saa nazo zina maana. Saa tatu usiku mjini New York, watu wakiwa wametoka kazini na kula, hapa Kenya huwa ni saa kumi au kumi na moja alfajiri. Mzazi anayeona mwanga wa simu chini ya blanketi wakati huo sasa anajua sababu mojawapo.

Asiye na miwani hukosa baadhi ya mambo, na si haki kuficha hilo. Mwenye miwani husogeza mikono yake halisi, huinama na kupungia wengine. Anayetumia kibodi au simu hubonyeza ishara zilizotayarishwa tayari. Hili linawagusa hasa viziwi. Ndani ya VRChat wapo watu wanaofundishana na kuzungumza kwa lugha za ishara, na miwani yenye vifaa vya kufuatilia mikono na vidole huwasaidia sana. Mtu anayetumia kompyuta tu anaweza kuwatazama na kujifunza, na anaweza kuwaandikia kwenye kisanduku cha maandishi, lakini hawezi kuwajibu kwa mikono. Kisanduku hicho huwafaa pia wale ambao hawajazoea kuzungumza Kiingereza mbele ya wageni.

Zipo pia dunia zinazofunguka ndani ya kivinjari cha kawaida bila kuweka programu yoyote. Shirika la Mozilla lilianzisha moja iitwayo Hubs mwaka wa 2018. Mtu alitumiwa kiungo, akakibofya, akawa ndani ya chumba pamoja na darasa au kikundi chake. Mozilla iliacha kuiendesha tarehe 31 Mei 2024, ingawa msimbo wake uko wazi na wengine wameendelea kuutumia. AltspaceVR, iliyokuwa mali ya Microsoft, ilifungwa Machi 2023. Kikundi cha vijana au walimu wanaotaka kujenga ukumbi au maonyesho humo wanapaswa kulizingatia hili tangu mwanzo. Picha, michoro na faili zote zihifadhiwe pia kwenye kompyuta yao wenyewe, kwani mwenye dunia akifunga mlango hawezi kulazimishwa kuufungua.

Kuhusu fedha, tahadhari ni kubwa zaidi. Baadhi ya dunia hizi huuza "viwanja". Katika Decentraland, ambako malipo hufanywa kwa sarafu ya kidijitali iitwayo MANA, eneo moja lilinunuliwa Novemba 2021 kwa karibu dola milioni 2.4. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima na kuwavutia wengi. Bei za viwanja hivyo zilishuka vibaya baadaye, jambo ambalo halikutangazwa kwa kelele kama hizo. Kiwanja cha aina hiyo hakina hatimiliki inayotambuliwa na ofisi yoyote ya ardhi nchini, hakilimwi, na benki haitakipokea kama dhamana ya mkopo wa kawaida. Vilevile, yeyote anayemwomba mkaazi ada ya "usajili" kwa M-Pesa ili amfungulie akaunti ya dunia ambayo ni ya bure anataka kumwibia.

Wazazi na walezi wafahamu kwamba VRChat hairuhusu watoto walio chini ya miaka 13. Hata kwa waliotimiza umri huo, vyumba vya umma huwa na watu wazima wasiojulikana, na lugha inayotumika humo wakati mwingine haifai kusikika sebuleni. Njia salama zaidi ni kutumia vyumba vya marafiki au vya mwaliko pekee, ambavyo mtumiaji huvichagua mwenyewe anapofungua chumba. Mtu asumbuliwe na mwingine, anaweza kumzima sauti au kumzuia asimwone kabisa. Kwenye kompyuta, kubonyeza Shift na Esc kwa pamoja huwasha hali ya usalama ambayo huficha avata na kunyamazisha sauti za wengine papo hapo. Mtoto afundishwe vibonye hivyo kabla ya kufundishwa kutembea.

Mtoto pia asitaje jina la shule yake, mtaa wao wala nambari ya simu, na asikubali kuhamia WhatsApp au programu nyingine na mtu aliyemjua humo tu. Ombi la kuhama lenyewe linatosha kuwa sababu ya kumzuia mtu huyo. Mlezi asisubiri lifuatwe na jingine.

Kwa mujibu wa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, unyanyasaji wa mtandaoni na ponografia ya watoto ni makosa ya jinai, hata mhusika akiwa amejificha nyuma ya avata ya katuni. Anayekusudia kulalamika apige picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti ya mhusika, chumba na saa, kabla ya kumzuia, kwa sababu akishamzuia huenda asimwone tena. Ripoti hutumwa kwanza kupitia menyu ya programu yenyewe, kisha kituo cha polisi kilicho karibu. Mtoto aliyedhulumiwa, au mtu mzima anayemshuku mtu kumdhulumu mtoto, anaweza kupiga simu ya msaada kwa watoto nambari 116 bila malipo, usiku na mchana.