Kisanduku cha Kufuli na Pesa ya HELB

Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ukiingia, mwanafunzi wa Kayole au Umoja jijini Nairobi huwa ameshaugawa kichwani: kodi ya chumba, chakula, deni la dukani. Kinachosalia angeweza kukiwekeza. Kisha simu inalia: "Uko na soo mbili?" Ni mdogo wake anayeomba shilingi 200, na hawezi kumwambia hana.

Tumezoea kusema vijana hawa hawajafundishwa mambo ya fedha. Siamini kwamba shida iko hapo. Machi 2017 serikali ilianza kuuza hatifungani ya M-Akiba kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka bila kodi. Hesabu ni rahisi: shilingi 300 kila mwaka. Lakini ilichukua miaka mitatu kuiva, na aliyetaka pesa zake mapema alilazimika kwanza kupata mnunuzi sokoni. Mgonjwa wa nyumbani hangoji mnunuzi.

Wanauchumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichunguza uwekaji wa akiba magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Watu waliokuwa kwenye vyama vya kuchangiana walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli, waweke akiba ya afya. Waliobaki na ufunguo wenyewe waliongeza matumizi yao ya kinga, kama vile vyandarua, kwa takriban theluthi mbili. Waliowekewa ufunguo na mtu wa mradi hawakunufaika hivyo, kwa sababu waliogopa kufungia pesa ambazo huenda zingehitajika ghafla. Ufunguo ulikuwa mkononi, lakini pesa zilikuwa na kazi yake, na hilo liliwapa sababu ya kumkatalia anayeomba bila kuonekana wachoyo.

Pesa za M-Pesa, zilizo kwenye simu, hazina kazi maalumu. Ni za yeyote atakayewahi kuomba. Zinaweza kuishia hata kwenye kubeti, kunakovutia kwa njia yake: mtaani aliyeshinda atasikika hadi ploti ya pili, ilhali walioliwa hunyamaza, na akili hupima uwezekano kwa kile inachokikumbuka upesi. Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza hilo tangu 1973.

Kwa hiyo ningependa HELB imruhusu mwanafunzi kutenga sehemu ya mkopo kabla haujafika kwenye simu, hata shilingi 500, aipe jina analotaka, na awe huru kuichukua siku nyumbani kukiwaka moto.